Mgongo Uliobaki Mtupu

Mukojima, Tokyo
24 Mei 2009

Baba mdogo Shunji,

Shikamoo. Mvua za Juni bado hazijaanza, ila magoti ya mke wangu Tomie yameshazitangaza. Yeye hajambo. Binti yetu Chinami amejifungua tena, msichana, kilo 3 na gramu 140, ana sauti ya msimamizi wa ujenzi. Kampuni nayo inakwenda. Mafundi wa viunzi 46, malori matano, na tangu nifungue mwaka 1984 tumejenga viunzi vya kusimamia wajenzi kwenye majengo 1,312 na hajafa mtu hata mmoja. Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei. Ukipokea unasema "husikiki" na kukata, ingawa Tomie akipiga anasikika vizuri tu.

Sasa jambo lenyewe.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mtaa. Tulibeba jumba la mungu mabegani kutwa nzima, mimi nikiwa mti wa mbele kushoto, nafasi ambayo hawampi mtu ovyo. Jua lilipochoma tukavua makoti, tukabaki na mishipi kiunoni. Hosoda wa duka la samaki, yule mwenye chale ya chui na mianzi mgongo mzima, akapaza sauti: "Bosi Mitsu! Mikono umeivika, mgongo umeuacha uchi! Fundi wako aliishiwa wino?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Cheko hilohilo nimelicheka kwa miaka 34.

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka 20. Ulinichanja mikono yote miwili kwa sindano za mkono, vikao 31, kila Jumamosi. Kushoto samaki anayepanda maporomoko, kulia mawimbi. Sikulia hata siku moja, na wewe ni shahidi. Kikao cha 32 nililala kifudifudi nikakuambia: nataka mungu Fudo mgongoni, kama wa baba. Uliosha sindano, ukazifuta moja moja, ndipo ukasema: "Wewe bado mwepesi. Fudo humzidi anayembeba, akambwaga." Ukafunga sanduku. Mwezi uliofuata ukahamia Sakata.

Sikubishana. Nilikwenda kutafuta uzito. Nilianza na mabomba 200 ya kukodi na lori la mkopo. Nilichokipata nimekutajia hapo juu. Nami nakuuliza, kwa heshima zote: nimefika, au bado?

Namtaka Fudo, na namtaka kwa mkono wako. Una miaka 75. Tusipoteze muda kwa kuoneana haya.

Mwanao,
Mitsunori


Sakata
9 Julai 2009

Mitsunori,

Marahaba. Mpongeze Chinami. Mtoto mwenye sauti hapotei.

Huku chaza wa mwambani wameanza, wakubwa kama kiganja. Daktari amenikataza. Nimekula sita. Barua yako imekaa mezani kwa wiki sita, si kwamba sikuisoma. Asubuhi mikono inatetemeka kidogo, baada ya chai inatulia, ila baada ya chai huwa nakumbuka mambo mengine ya kufanya.

Nimekuchorea simba, yumo kwenye bahasha hii. Kwa mtu wa makamo anayeongoza wengine, simba anafaa. Simba hana wa kumwogopa duniani isipokuwa mdudu anayeishi ndani ya manyoya yake mwenyewe, anayemla polepole. Dawa yake ni umande unaodondoka kutoka kwenye ua la peoni. Ndiyo maana simba hachorwi bila peoni. Chini ya ua hilo tu ndipo anapolala usingizi. Maana yake ni mtu mwenye nguvu aliyepata mahali pa kupumzikia.

Nimeweka maua matano. Ukitaka saba nitaongeza.

Msalimie Tomie. Mwambie magoti ayafunge kitambaa cha sufu, hata kama ni kiangazi.

Shunji


Mukojima
15 Julai 2009

Baba mdogo,

Shikamoo. Tomie amefunga sufu, anasema inawasha lakini inasaidia. Mtoto ameitwa Sayo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Neno "chaza" limo mara moja, "peoni" mara mbili, "umande" mara moja. Neno "Fudo" limo mara sifuri.

Simba ni mzuri, sikatai, mkono wako bado ni mkono. Lakini mimi nina wanaume 46 wanaonitazama. Nikivua shati waone bustani? Hosoda atakuja na ndoo kumwagilia. Na huyo simba anayeliwa na mdudu wa ndani ya manyoya yake, nilipomwangalia vizuri sikujiona mimi. Nisamehe, lakini sijui ulikuwa unamchora nani.

Niseme wazi kwa nini Fudo. Jina lake lenyewe ni Asiyetikisika. Sisi kazi yetu ni kusimama ghorofa ya kumi na mbili juu ya ubao, upepo unapiga, na kutotikisika. Ana upanga mkono wa kulia wa kukata upumbavu, na upumbavu kwenye kiunzi unaua. Ana kamba mkono wa kushoto ya kumvuta aliyekwisha kuteleza. Ningeambiwa nichore mwenyewe picha ya kazi yangu, ningechora hiyohiyo. Na baba alikuwa naye. Nilikuwa na miaka minane alipokufa, sura yake imefifia, lakini yule Fudo namwona mpaka leo, bafuni, maji ya moto yakimtiririka na miale yake ikizidi kuwa myekundu. Kwangu baba ni huo mgongo.

Ueno kuna fundi kijana, anatumia mashine. Nimekwenda. Ni msafi, anashika saa, amesema miezi 14. Nimemwambia nitampa jibu Novemba. Sitaki kwenda kwake, lakini nitakwenda. Mgongo wangu hautaingia kaburini kama karatasi ambayo hakuna aliyetaka kuiandika.

Mitsunori


Sakata
2 Oktoba 2009

Mitsunori,

Natumaini nyote wazima. Mpunga umevunwa, bata bukini wamefika kutoka kaskazini, wanapiga kelele kama ndugu wanaogawana urithi. Tomie alinipigia mara mbili mwezi Agosti. Aliniambia huli vizuri. Kula.

Kuhusu kijana wa Ueno. Kama umeshaamua, sikiliza, na umsomee maneno haya.

Jino moja la Fudo huelekea juu na jingine chini. Jicho moja hutazama mbingu, jingine ardhi. Akikosea hapo, umembeba mzee mwenye hasira tu. Asikuwekee majani mekundu ya vuli pamoja na maua ya machipuko, utaonekana mtu asiyejua mwezi gani. Miale ipande, isiegemee upande.

Zaidi ya yote, uso. Uso usizidi kiganja kimoja na nusu. Fundi kijana hupenda uso mkubwa, anataka watu wauone kutoka ng'ambo ya barabara. Uso mkubwa unakula mgongo, na mwili unakosa mahali, unashuka. Mwambie apime kwanza kutoka chini. Aweke alama ya mshipi, wewe ukiwa umesimama, siyo umelala. Chini ya mshipi ruhusa ni mwamba na maji tu. Viungo vya mungu, hata kidole, hata ncha ya kamba, visishuke chini ya mshipi. Mtu hakalii mkono wa mungu. Mkono wa kushoto hasa. Aupime mara tatu huo mkono wa kushoto.

Mimi sitafanya. Usiniulize tena sababu.

Shunji


Mukojima
20 Oktoba 2009

Baba mdogo,

Shikamoo. Juzi tarehe 18 tulikwenda kaburini kwa baba, miaka 46 imetimia. Tomie alisugua jiwe, nikachoma ubani. Sayo alipiga chafya mara tatu, Chinami akasema babu anamsalimia.

Huyo kijana wa Ueno sikumsomea barua yako. Umeandika mistari mitano kuhusu majani, macho na meno, na kumi kuhusu mkono mmoja. Nikashusha sanduku la mama.

Kuna picha moja tu ya baba akiwa ameugeuzia kamera mgongo. Sikukuu ya mwaka 1962, amevua koti, amefunga mshipi. Mshipi wenyewe ninao, una upana wa sentimita 9. Kwenye picha una milimita 6. Nikachukua rula na miwani ya kukuzia. Uso wa Fudo una sentimita 27 kwenye mwili wa kweli. Mkono wa kulia, wenye upanga, unaonekana wote. Mkono wa kushoto hauonekani. Kamba inashuka, inaingia ndani ya mshipi, inapotelea huko. Kwa hesabu yangu kiganja kilianza sentimita 3 chini ya ukingo wa mshipi.

Ni hilo, baba mdogo?

Kama ni hilo, sitakudanganya kwa kukupoza. Ulikosea. Rula haina huruma.

Sasa soma na hili. Nilipofungua kampuni nilikwenda ofisi ya serikali ya kazi nikaomba faili la ajali ya baba, kwa sababu nilitaka kujua nisifanye nini. Nakala imo humu. Jengo lile lilikuwa linakimbizwa limalizike kabla ya michezo ya Olimpiki. Ubao aliosimamia ulikuwa wa upana wa sentimita 24, ulipaswa kuwa wa 40. Hapakuwa na kizuizi cha pembeni. Mvua ilinyesha mpaka saa moja asubuhi, wakapandishwa saa moja na nusu. Mikanda ya usalama ilikuwa 8 kwa watu 30. Na ukurasa wa nne, nimeuwekea alama: kwenye jengo lilelile, ndani ya miezi 14, walianguka watu watatu. Baba alikuwa wa pili. Hao wengine wawili wameandikwa alama zao za mwili kwa ajili ya utambulisho. Mmoja kovu la nyonga. Mwingine hana kitu. Hawakuwa na chale hata ya nukta.

Mkono wa nani uliwabwaga hao?

Mbao zangu zote ni za sentimita 40. Miaka 25, hajafa mtu. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Mitsunori


Sakata
28 Novemba 2009

Mitsunori, mwanangu,

Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Nimepokea karatasi zako. Nimezisoma nikiwa nimekaa, nikazisoma nimesimama.

Ni hilo.

Nilikuwa na miaka 26, mwalimu wangu alikuwa ameniruhusu nijitegemee mwaka huo. Baba yako Genzo alisema mgongo wake uwe wa kwanza, maana kaka asipomwamini mdogo wake nani atamwamini. Nikataka uso wa kutisha. Niliuchora usiku mmoja nikiwa nimelewa sifa ambazo hakuna aliyekuwa amenipa bado. Nilimpima akiwa amelala. Mstari ulipokamilika akasimama, akafunga mshipi, na mkono ukazama. Wino wa chale haufutiki, unajua.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, "Kaka, nimekuharibia. Utakuwa unaukalia mkono wa Fudo." Genzo akajigeuza mbele ya kioo, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini, akaukalia palepale. Akasema, "Afadhali! Atanishika makalio nisidondoke!" Akawasimulia wenzake wote, wakampa jina ambalo siwezi kukuandikia.

Miaka mitatu baadaye waliniita nikamtambue. Uso ulikuwa hautambuliki. Niliutambua mgongo. Mama yako alikuwa mlangoni, akaniuliza neno moja tu, "Ndiye?" Nikasema ndiye. Hakuwahi kunilaumu, na mimi sikuwahi kumwambia kuhusu mshipi. Kila mtu alifikiri nalia kwa ajili ya kaka tu.

Ulipolala kifudifudi mwaka ule na kumtaja Fudo, ulikuwa na mgongo wake. Mabega yaleyale, na kale kashimo chini ya shingo. Neno nililokuambia lilikuwa uongo. Wewe hukuwa mwepesi. Mimi ndiye niliyekuwa nimezidiwa, miaka kumi na mbili nzima, na picha niliyoichora kwenye mgongo wa mtu mwingine. Nilikutwika wewe, ukaenda nayo kutafuta uzito. Nisamehe kwa hilo. La kaka yangu sijui niombe wapi.

Hao watu wawili wa ukurasa wa nne, sikuwahi kusikia habari zao. Hakuna aliyeniambia. Nimeyaandika majina yao kwenye karatasi nikaiweka kwenye altare ya nyumbani, karibu na jina la Genzo. Sisemi kwamba karatasi zako zimenimaliza shaka. Mimi ni mtu wa kazi hii, siwezi kuamini kwamba picha ni wino tu, maana ningekuwa nimefanya nini miaka yote? Lakini ubao wa sentimita 24 nao ni ubao wa sentimita 24.

Njoo baada ya mwaka mpya. Usinywe pombe siku tatu kabla. Nitakupima umesimama. Uso utakuwa kiganja kimoja na nusu, na ukilalamika ni mdogo nitakufukuza urudi kwa Hosoda wako.

Shunji


Mukojima
2 Februari 2010

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefika salama. Treni ilichelewa dakika 55 kwa theluji, safari nzima saa 5 na dakika 5. Tomie anakushukuru kwa mchele na samaki wa chumvi. Anasema umekonda lakini mdomo haujakonda.

Taarifa ya mgongo. Mstari wote umekamilika kwa siku tatu, saa 11 na nusu za kazi. Uvimbe umeshuka siku ya nne. Nimeoga maji ya vuguvugu, nyuzi 38, kama ulivyoagiza. Magamba yameanza kutoka begani, sijayakwangua. Tomie amenipima kwa utepe: uso sentimita 19, mkono wa kushoto umeishia sentimita 4 na nusu juu ya mshipi. Nimemwambia apime tena, akasema mara tatu zinatosha, yeye si mkaguzi.

Hosoda aliniona kwenye bafu la mtaa. Alizunguka nyuma yangu, kisha akasema, "Mbona hana rangi?" Nikamwambia angoje. Akasema, "Aliyekuchorea ni nani?" Nikamwambia baba yangu mdogo. Akainamisha kichwa na kwenda kujimwagia maji. Hakutia neno, na kwa Hosoda hilo halijatokea tangu nimjue.

Sasa hesabu. Kivuli na rangi umesema vikao 50. Nikija kila wiki mbili, ni miezi 23. Utakuwa na miaka 78. Nimeshakata tiketi za miezi mitatu ya kwanza, na tiketi hizo hazirudishwi. Kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba huna nafasi ya kuugua.

Chaza acha.

Mwanao,
Mitsunori


Sakata
11 Februari 2010

Mitsunori, mwanangu,

Marahaba. Theluji imefika dirishani, jirani amenichimbia njia hadi barabarani. Nina kuni, nina chai, mikono inatulia mapema zaidi siku hizi.

Barua yako nimeisoma kwa kidole, tarakimu moja moja. Umeandika dakika za treni, nyuzi za maji, sentimita za uso, saa na nusu saa. Kuna kitu kimoja hukukiandika, nami najua hukukisahau, kwa sababu wewe hakuna kitu unachosahau.

Siku ya pili, alasiri, sindano ilipofika kwenye mkono wa kamba, nilisema, "Genzo, tulia kidogo, hapa ndipo." Jina lilitoka lenyewe. Nilijisikia nikilisema, nikashindwa kulirudisha. Nikaondoa mkono, nikangoja ugeuke, au ucheke, au uniambie baba mdogo umechoka tupumzike.

Ulisema, "Nimetulia. Endelea."

Nikaendelea. Niliomba msamaha ule niliokuwa sijui niuombe wapi, kwa sauti ndogo, sidhani kama ulisikia maneno. Ulipumua tu, na mgongo ukapanda na kushuka chini ya kiganja changu, wa moto, wa mtu aliye hai.

Tarehe 21 nakungoja kituoni. Tutaanza na miale.

Shunji